Kujenga misuli huku unakata mafuta: inawezekana, au lazima uchague moja?

#1 Mtaa wa Pili
Wakuu salaam.

Nina miaka 34, urefu sentimita 170, uzito kilo 84. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Kitambi kimetoka, mikono na mapaja yamebaki ya mtu mwembamba. Nimejiunga na jimu hapa Tabata, mwalimu anasema nichague: ama nile sana nijaze mwili kwanza halafu mwakani nikaushe, ama nikate kitambi sasa na nikubali kupoteza hata misuli kidogo niliyonayo. Kwa maelezo yake, mwili haujengi na kubomoa kwa wakati mmoja.

Mimi sitaki kuongeza kitambi juu ya kitambi. Wenye uelewa naomba mnisaidie: haya mawili yanakwenda pamoja au hayaendi? Na kama yanakwenda, mwili unapata wapi malighafi ya kujengea ikiwa nakula pungufu?

#2 Chuma cha Reli
Mwalimu wako yuko sahihi. Misuli haijengwi kwa hewa. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili unabana matumizi, na cha kwanza kusimamishwa ni ujenzi. Jaza kwanza, kausha baadaye. Mabaunsa wote wamepita njia hiyo.

#3 Mwanakerewe
Nakupinga hapo #2. Baunsa wa mashindano tayari ana misuli mingi na mafuta hana, kwa hiyo kwake kila gramu mpya ni vita. Mleta mada ni mtu tofauti kabisa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Mwenye kilo kumi za ziada anatembea na kalori 77,000 kiunoni. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba mwili wake hauna nishati ya kujengea.

Chukua mtu anayejenga nyumba. Pesa ya kumlipa fundi anayo benki, hayo ndiyo mafuta. Ila pesa ile haigeuki tofali yenyewe. Tofali ni protini, na hiyo lazima iletwe kila siku kwa mdomo, kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza protini kutokana na mafuta. Wengi wanaofeli wanapunguza chakula chote kwa pamoja, tofali zinakatika, halafu wanalaumu maumbile.

#4 Pilipili Kichaa
Napiga kambi hapa. Mleta mada tupia picha ya hicho kitambi tukikague.

#5 Mtaa wa Pili
Picha siweki mkuu. Kiuno ni sentimita 98 kwa futi ya fundi cherehani, kwenye kitovu. Asante Mwanakerewe, hiyo ya pesa na tofali nimeielewa.

#6 Nesi wa Zamu
Mleta mada, hiyo 98 ichukulie kwa uzito kuliko kilo 84. NICE, chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, tangu 2022 kinashauri kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu. Wewe nusu yako ni 85. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayokwenda pamoja na kisukari na presha. Kabla hujaanza kula protini nyingi kapime presha, sukari na figo. Kwa figo nzima hakuna ushahidi wa madhara, lakini mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini bila daktari wake, na wengi wanaougua figo hawajui kama wanaugua.

#7 Msomi wa Usiku
Kuna utafiti wa Marekani wa 2016 unaojibu swali hili moja kwa moja. Walichukua vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi, wakawakatia chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao, wakawafanyisha mazoezi makali siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Nusu walipewa protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, nusu gramu 2.4. Kundi la pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5, na mwili usio mafuta haukubadilika kitu cha maana. Wamekula pungufu na wameongeza. Mjadala umekwisha.

#8 Kobe wa Prison Island
Si Marekani ndugu, ni Kanada, Chuo Kikuu cha McMaster. Namba zako ziko sawa.

#9 Chuma cha Reli
Haujakwisha hata kidogo. Wiki nne! Vijana! Wanaandaliwa chakula na kusimamiwa mazoezi! Nileteeni mtu anayepanda daladala saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku, amefanya hivyo mwaka mzima. Halafu someni habari ya jaribio la njaa la Minnesota, Marekani: 1944 hadi 1945 wanaume 36 walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao, na misuli ikayeyuka wazi kabisa. Huo ndio ukweli wa kula pungufu.

#10 Mwanakerewe
Chuma, umeleta mfano unaonisaidia mimi. Watu wa Minnesota walilishwa viazi, mkate, tanipu na makaroni, nyama kwa nadra, na zoezi lao kubwa lilikuwa kutembea. Hakuna aliyenyanyua chuma na hakuna aliyepewa protini ya kutosha. Mwili unatupa misuli usiyoitumia. Ukiulazimisha kuitumia, mara mbili tatu kwa wiki, hesabu inabadilika.

#11 Mwana wa Likoni
Mazee habari zenu. Mimi niko Mombasa. Swali langu, hizo gramu 2.4 kwa kilo mtu wa kawaida atazitoa wapi? Protini za kopo hapa kwetu bei haishikiki.

#12 Msomi wa Usiku
Si lazima zifike 2.4. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 49 yenye watu 1,863 na kuona kwamba kwa anayenyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini inaanza kukoma karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Kwa kilo 84 ni gramu 134 kwa siku. Sawa na mayai 22, maana yai moja lina gramu 6 hivi.

#13 Pilipili Kichaa
Mayai 22 kwa siku? Mwambieni basi afuge kabisa.

#14 Mama Lishe Kirumba
Wanangu mnahangaika na makopo wakati dagaa wapo. Ngoja niwahesabie, mimi napika kila siku.

Mayai matatu ya kuchemsha asubuhi, 18. Dagaa wakavu gramu 50, wale ukiwaosha na kuwakaanga kidogo na nyanya wanajaa sahani ndogo, 30 hivi. Maharage yaliyoiva kikombe na nusu, 22. Samaki aliyepikwa gramu 150, awe sangara au sato, 35. Maziwa au mtindi nusu lita, 16. Ugali wa dona wa unga gramu 200, nao una 16. Jumlisha: 137. Kalori zake haziendi mbali na 2,000.

Linaloharibu ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na wapishi wengi hatupimi, tunamimina. Mteja anakuja ananiambia "nimeacha ugali, nipe chipsi kavu". Chipsi zimezama kwenye mafuta! Bora angekula ugali na dagaa.

#15 Mtaa wa Pili
Shikamoo mama. Hii naichapisha niibandike jikoni.

#16 Mama Lishe Kirumba
Marahaba mwanangu. Mkeo ndiye aione kwanza.

#17 Zeruzeru wa Data
Mimi sipingani na vyakula, napingana na neno "misuli" linavyotumika hapa. Utafiti wa #7 umepima mwili usio mafuta. Humo mna maji, mna glikojeni (akiba ya wanga ndani ya misuli na ini), mna chakula kilichomo tumboni. Gramu moja ya glikojeni inashikilia maji kama gramu tatu. Mtu akianza mazoezi, misuli inahifadhi glikojeni zaidi na maji zaidi, na kipimo kinasoma "ongezeko". Akimeza kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu ya mazoezi, ndiyo kabisa, uzito unapanda wiki ya kwanza kwa maji. Kilo 1.2 katika wiki nne, ni kiasi gani hapo ni nyama halisi? Zile mizani za jimu zinazopitisha umeme miguuni ndizo mbaya kuliko zote, kunywa maji lita moja tu na asilimia inabadilika.

#18 Kobe wa Prison Island
Hoja yako nzuri, lakini makundi yote mawili yalifanya mazoezi yaleyale. Kama ni maji tu, kwa nini kundi la protini kidogo halikuongeza?

#19 Zeruzeru wa Data
Tofauti kati ya makundi naikubali. Ninachokataa ni kumwambia mleta mada kwamba kilo 1.2 zote ni misuli.

#20 Dada wa Sinza
Na wanawake je? Nanyanyua vyuma, kila nikipita nyumbani shangazi anasema nitakuwa na mabega ya mwanamume na sitaolewa. Uzito umekaa palepale ila sketi zote zinanivuka. Hii inaitwaje?

#21 Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, hiyo ndiyo yenyewe. Mafuta yamepungua, misuli imeongezeka, mizani haijui tofauti. Shangazi mwambie kwamba homoni inayokuza misuli mikubwa, testosteroni, mwanaume anayo mara kumi na zaidi kuliko wewe. Mabega ya mwanamume hayaji kwa bahati mbaya. Faida utakayoiona baada ya miaka mingi ni mifupa, maana vyuma vinaijenga na wanawake ndio wanaopoteza mifupa haraka baada ya hedhi kukoma.

#22 Mzee wa Kaole
Zamani kitambi kilikuwa heshima. Ukikosa kitambi wakwe wanauliza kama una kazi. Leo mnakifukuza kama mwizi!

#23 Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Heshima yako tunaitunza. Wodini wanaolazwa kwa kiharusi na vidonda vya kisukari wengi walikuwa nayo hiyo heshima, ndiyo maana napiga kelele.

#24 Mpiga Mchakamchaka
Mnazunguka bure. Mafuta yanakatwa kwa kukimbia. Kila Jumamosi njoo Temeke alfajiri tukimbie kwa nyimbo, kitambi kitakwisha. Vyuma ni mapambo.

#25 Chuma cha Reli
Kwa hili nampinga mwenzangu wa mchakamchaka. Anayekimbia tu na kula pungufu anabaki kuwa mwembamba mwenye kitambi kidogo. Nimewaona wengi. Vyuma ndivyo vinavyouambia mwili misuli isiguswe.

#26 Mwanakerewe
Leo Chuma kakubali nusu ya hoja yangu, naandika tarehe ukutani.

#27 Chuma cha Reli
Nimekubali kwamba vyuma vinalinda misuli. Kulinda na kuongeza ni vitu viwili. Usinilishe maneno.

#28 Fundi Halali
Naona wote mmemsahau fundi wa Mwanakerewe. Pesa ipo, tofali zipo, lakini fundi anafanya kazi usiku, na mwenye nyumba haendi kulala. Chuo Kikuu cha Chicago, 2010: watu kumi wenye uzito uliozidi walikula chakula pungufu kilekile kwa siku 14 wakilala saa 8.5, na siku 14 nyingine wakilala saa 5.5. Uzito uliopungua ulikuwa uleule, karibu kilo tatu. Lakini waliolala vizuri walipoteza mafuta kilo 1.4, na walipolala kidogo mafuta yalipungua kilo 0.6 tu. Kilichobaki kilitoka kwenye mwili usio mafuta.

Kwa hiyo anayetazama mpira wa Ulaya mpaka saa sita na kuamka saa kumi kuwahi foleni, kabla hajanunua kopo la protini aangalie kitanda chake.

#29 Zeruzeru wa Data
Watu kumi tu, na hawakuwa wakinyanyua chochote. Dokezo ni zuri, uthibitisho bado.

#30 Mwana wa Likoni
Huyu Zeruzeru akiletewa pilau atauliza wapishi walikuwa wangapi.

#31 Bin Jang'ombe
Assalamu alaykum. Na sisi tunaofunga? Kila Ramadhani nakonda, lakini naona nanyauka mikono kwanza, tumbo linabaki.

#32 Kobe wa Prison Island
Waalaykum salaam. Tazama futari yetu ya Unguja: mihogo ya nazi, viazi vikuu, tambi za sukari, kaimati, ndizi. Tamu, sikatai, lakini karibu yote ni wanga, nazi na sukari. Samaki anakuja kipande kidogo pembeni. Mimi nafungua kwa tende na maji na uji, naswali, halafu samaki na maharage ndiyo chakula chenyewe. Vyuma baada ya tarawehe, seti (mizunguko ya kunyanyua) chache lakini nzito. Daku ni mayai na mtindi, sio chai na mkate. Mikono haijanyauka. Usipunguze uzito wa chuma mwezi ule, punguza idadi ya seti.

#33 Kijana wa Mbagala
Samahani wakubwa, kuna jamaa mtandaoni amejenga mwili wa ajabu na kukauka kwa wiki 12. Anauza ratiba. Ninunue?

#34 Msomi wa Usiku
Mdogo wangu weka pesa yako. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 43. Waliochomwa testosteroni kila wiki kwa wiki kumi bila kufanya zoezi lolote waliongeza mwili usio mafuta kilo 3.2. Waliofanya mazoezi bila sindano waliongeza 1.9. Waliounganisha sindano na mazoezi, 6.1. Ukiona mtu anajaza na kukauka kwa pamoja kwa kasi ile, uliza kwanza sindano, ratiba baadaye.

#35 Nesi wa Zamu
Na sindano hizo zinazouzwa jimu hakuna anayejua kilichomo. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, moyo unaathirika, damu inakuwa nzito. Kijana usiguse.

#36 Pilipili Kichaa
Na ule mkanda wa mpira wa kuvaa tumboni, na maji ya limau na tangawizi?

#37 Mwanakerewe
Mkanda unatoa jasho, ukinywa maji yanarudi. Limau ni kinywaji kizuri, hakiyeyushi mafuta. Na kukunja tumbo mara mia tatu hakuchagui mafuta ya tumboni, mwili unatoa mafuta unapotaka wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo ni la mwisho.

#38 Mtaa wa Pili
Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoombwa faragha na wachangiaji kadhaa.

Vipimo vya presha, sukari na figo viko salama. Vyuma siku tatu kwa wiki, skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), kuvuta, kusukuma, kila nikiweza marudio yote naongeza kilo. Chakula ni kile cha mama wa Kirumba, mafuta yanapimwa kwa kijiko. Kutembea kutoka kazini hadi kituo cha pili. Kulala ndiyo bado nusunusu kwa sababu ya mtoto mdogo.

Uzito sasa ni kilo 82. Kiuno kimeshuka kutoka 98 hadi 92. Skwoti nilianza na fimbo tupu ya kilo 20, sasa nabeba 60. Mwalimu wa jimu ameniangalia akasema "hiyo ni bahati ya mgeni". Ni kweli? Na itakoma lini?

#39 Kobe wa Prison Island
Hongera sana! Sentimita sita za kiuno kwa kilo mbili tu za mizani. Huo mwili umebadilishana.

#40 Zeruzeru wa Data
Hongera kwa dhati. Ila nguvu ya mwanzo inatokana zaidi na neva kujifunza kuamrisha misuli iliyopo. Kutoka 20 hadi 60 hakuthibitishi misuli mipya. Pima na paja na mkono kwa futi ileile. Paja likiongezeka huku kiuno kinashuka, hapo nitakaa kimya.

#41 Chuma cha Reli
Mwalimu wake ana hoja. Mgeni anapata vyote viwili, na aliyewahi kuwa na misuli akaacha anapata, kwa sababu misuli ya zamani hurudi haraka. Miaka miwili baadaye, akishakonda, atakuja hapa kuuliza kwa nini amesimama. Nitamjibu: jaza kwanza.

#42 Mwanakerewe
Miaka miwili ya mgeni akiwa anakata kitambi na kuongeza nguvu, Chuma, hiyo ndiyo miaka anayoihitaji. Akifika sentimita 85 za kiuno, mimi mwenyewe nitamshauri aongeze chakula kidogo, kalori 200 au 300, si sinia la pilau kila usiku. Na hata waliozoea chuma kuna tafiti zilizowaona wakibadilisha mwili wakiwa na protini ya juu na ratiba nzuri. Inakuwa polepole, haijafa.

#43 Fundi Halali
Mleta mada, mtoto akianza kulala usiku leta vipimo vingine. Mimi naweka dau kwenye usingizi.

#44 Dada wa Sinza
Nimesoma uzi wote nikamkumbuka mama. Ana miaka 63, yuko Korogwe, ana kisukari anameza dawa, amekonda miguu ila tumbo kubwa. Akiinuka kwenye mkeka anashika ukuta. Mambo haya ya vyuma yanamhusu au ni ya vijana?

#45 Nesi wa Zamu
Yanamhusu kuliko sisi wote. Mwaka 1990 huko Boston waliwanyanyulisha uzito kwa miguu wazee dhaifu wa miaka kama 90, katika nyumba ya kulelea wazee, kwa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya paja ilinenepa kwa asilimia 9. Wa miaka 63 ni kijana mbele yao.

Aanze na kiti. Akae, ainuke, akae, mara nane au kumi, apumzike, arudie mara mbili. Siku tatu kwa wiki. Akizoea ashike kidumu cha maji kifuani, kwanza lita tatu, halafu tano. Usimpunguzie chakula kwa nguvu katika umri huo. Mwongezee dagaa, maharage na mtindi, punguza sukari ya chai na vitumbua. Kabla ya kuanza amwone daktari wake, kwa sababu kuna dawa za kisukari ambazo ukichanganya na mazoezi sukari inashuka ghafla. Akiona jasho la baridi na kutetemeka asimame, anywe kitu chenye sukari.

#46 Dada wa Sinza
Asante dada. Kiti kiwe cha mikono?

#47 Nesi wa Zamu
Cha mikono, na kiegemezwe ukutani kisiteleze. Akiweza kuinuka bila kushika, hamia kiti cha kawaida. Stuli fupi iwe ya mwisho, na siku za kwanza mtu akae naye.